Gandhi na Waafrika wa Natal: Hotuba Kuhusu Dharau ya Kiongozi Tunayemheshimu

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi na ndugu zangu nyote mliofika jioni hii,

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo wengi wetu hulikwepa hadharani na kulijadili faraghani, nalo ni kama Mohandas Karamchand Gandhi, ambaye dunia nzima imezoea kumwita Mahatma, aliwadharau watu weusi wa bara hili. Nitalijibu mapema, ili msikae mkinisubiri hadi mwisho. Ndiyo, aliwadharau. Aliwadharau kwa maneno aliyoyaandika kwa mkono wake na kwa baadhi ya matendo yake, katika sehemu kubwa ya miaka 21 aliyofanya kazi Afrika Kusini, kuanzia 1893 hadi 1914. Baadaye alibadilika, lakini alibadilika kwa kusuasua, na hakuwahi kufika pale ambapo yeye mwenyewe aliufundisha ulimwengu kwamba mkosaji anapaswa kufika. Hilo ndilo nitakalolitetea, na ninalitetea nikiwa mtu anayeamini kwamba mapambano ya kudai haki bila kumwaga damu ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyofanywa na binadamu katika karne iliyopita.

Wapo watakaouliza yanatuhusu nini sisi wa Afrika Mashariki. Yanatuhusu sana. Gandhi alipokuwa safarini kwenda Durban mwaka 1893, akiwa wakili kijana wa miaka 23, meli yake ilitia nanga Lamu, kisha Mombasa, kisha Zanzibar, ambako alikaa siku kadhaa akisubiri chombo kingine cha kumpeleka kusini. Alipouawa mwaka 1948, sehemu ya majivu yake ililetwa Jinja na kumwagwa pale Mto Nile unapoanzia, na hadi leo sanamu yake ipo hapo. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi kuna sanamu yake nyingine, iliyozinduliwa mwaka 1956 na Sarvepalli Radhakrishnan, aliyekuwa Makamu wa Rais wa India. Mwalimu Nyerere ndiye mtu wa kwanza kabisa kupewa Tuzo ya Amani ya Gandhi na serikali ya India, mwaka 1995. Mtu huyu, kwa hiyo, amepewa nafasi katika viwanja vyetu na katika kumbukumbu zetu, na anayepewa nafasi ya namna hiyo haiwezekani asichunguzwe na wenye viwanja.

Kabla sijaingia kwenye ushahidi, naomba niseme neno moja kuhusu namna ya kujadili. Mijadala mingi ya aina hii huharibika kwa sababu watu hugombana juu ya moyo wa kiongozi. Mmoja anasema alikuwa mtu mwema, mwingine anasema alikuwa mbaguzi, na kila mmoja anadai kuona kilichomo kifuani mwa mtu aliyekwisha kufa. Moyo wa mtu hatuufikii. Tunachokifikia ni alichosema, alikisema lini na mbele ya nani, alikitumia kudai jambo gani, nani aliumia, na kama baadaye alikikana waziwazi au alikiacha kipotee kimyakimya. Maswali hayo yanaweza kujibiwa kwa karatasi, na kwa bahati nzuri, katika habari ya Gandhi, karatasi zipo. Serikali ya India yenyewe ilikusanya maandishi yake yote, barua, hotuba na makala, ikayachapisha katika juzuu zipatazo mia moja. Asiyeyataka maneno nitakayoyasoma hapa hawezi kusema yametungwa na maadui wa India, kwa maana ni India iliyoyachapisha.

Tuanze Natal. Lilikuwa koloni la Waingereza lenye walowezi wachache, Waafrika wengi sana, na Wahindi wa aina mbili. Wengi wao walikuwa vibarua wa mkataba, walioanza kuletwa mwaka 1860 kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Hadi uletaji huo ulipokoma mwaka 1911 walikuwa wamepita zaidi ya 150,000. Wachache walikuwa wafanyabiashara waliojilipia nauli, wengi wao Waislamu kutoka Gujarat, na hao ndio waliomwajiri Gandhi. Mwaka 1894 bunge la koloni lilileta muswada wa kuwanyima Wahindi kura. Waafrika walikuwa wamekwisha kunyimwa kura hiyo kwa hila za kisheria miaka mingi kabla, na hakuna wafanyabiashara waliokusanya saini kwa ajili yao. Gandhi, aliyekuwa akijiandaa kurudi kwao, akaombwa abaki. Akabaki, na mwaka huohuo akaanzisha chama cha Natal Indian Congress.

Sasa tazameni hoja aliyoichagua. Angeweza kusema kwamba kila raia wa Malkia, awe wa rangi gani, ana haki ya kura. Hakusema hivyo. Katika barua ya wazi kwa wabunge wa koloni mwishoni mwa mwaka 1894, alisema kwamba Wahindi na Waingereza wametoka katika shina moja la Kiarya, na akalalamika kwamba Mhindi anaburutwa chini hadi kufikia hali ya mwenyeji mweusi, ambaye alimtaja kwa neno lilelile la matusi walilolitumia walowezi. Miaka miwili baadaye, Septemba 1896, akihutubia mkutano Bombay, alisema kwamba Wazungu wa Natal wanataka kuwashusha Wahindi hadi daraja la Mwafrika mshenzi ambaye kazi yake ni kuwinda, na ambaye shabaha yake pekee maishani ni kupata ng'ombe wa kutosha wa kununulia mke, kisha apitishe siku zake katika uvivu na utupu. Maneno hayo hayakumtoka mdomoni kwa hasira. Yalikuwa hotuba iliyoandaliwa, mbele ya umati, na yalikuwa na kazi maalumu: kumfanya msikilizaji aone aibu kwamba Mhindi anatendewa kama Mwafrika. Ili hoja hiyo ifanye kazi, ni lazima msikilizaji akubali kwanza kwamba kutendewa hivyo kunamstahili Mwafrika.

Hapo ndipo ilipo dharau, na naomba tusiipunguze kwa kusema kwamba lilikuwa suala la neno moja tu lililotumika sana zama hizo. Hata tukilifuta neno lile na kuweka jina la heshima mahali pake, hoja inabaki vilevile.

Kuna jambo moja dogo ambalo kwangu linaeleza zaidi kuliko hotuba zote, nalo ni milango ya posta ya Durban. Posta hiyo ilikuwa na mlango wa Wazungu na mlango mwingine ambao Waafrika na Waasia waliutumia pamoja. Viongozi wa Natal Indian Congress waliiandikia serikali kulalamika, na katika taarifa ya chama ya mwaka 1895, iliyoandikwa na Gandhi akiwa katibu, imeelezwa kwamba matokeo ya barua hizo si mabaya, kwa sababu sasa jamii zote tatu zitawekewa kila moja mlango wake.

Tafadhali uwekeni mlango huo wa tatu akilini kwa muda. Huu ulikuwa miongoni mwa ushindi wa mwanzo kabisa wa mtu aliyekuja kuwa mwalimu wa wapinzani wa ubaguzi duniani. Mfanyabiashara wa Durban anayepeleka barua kwao Porbandar, India, amepata mlango wake. Mzulu anayekuja posta, labda ametoka mgodini na ana fedha za kuwapelekea wazazi, amebaki palepale alipokuwa, ila sasa amepoteza hata yule Mhindi aliyekuwa akibanana naye mlangoni na ambaye, kama angeendelea kubanana naye, pengine siku moja wangeugonga pamoja ule mlango wa Wazungu. Ubaguzi wa posta haukupungua hata chembe, uliongezewa daraja. Na jambo hili halikufanywa na mtu mwenye chuki. Nimesoma sana maandishi ya Gandhi ya miaka ile na sijaona mahali anapomtakia Mwafrika mabaya. Nimeona mtu ambaye Mwafrika hamo kabisa katika hesabu zake, isipokuwa kama kipimo cha mahali pa chini pa kutofikia.

Mwaka 1904, akiwa Johannesburg, alimwandikia mkuu wa afya wa mji, Dkt. Porter, kulalamikia hali chafu ya mtaa wa Wahindi. Malalamiko yalikuwa ya haki, maana halmashauri ilikuwa imeutelekeza mtaa huo na muda mfupi baadaye tauni ikazuka. Lakini ndani ya barua aliongeza kwamba kuhusu Waafrika kuchanganywa na Wahindi katika mtaa huo, anakiri kwamba jambo hilo linamuumiza sana, na akataka halmashauri iwaondoe Waafrika. Waende wapi, barua haikusema.

Mwaka 1906 Bambatha kaMancinza aliongoza maasi dhidi ya kodi mpya ya kichwa ya pauni moja, na serikali ya Natal ikayazima kwa ukatili mkubwa. Wazulu zaidi ya 3,000 waliuawa. Gandhi alijitolea upande wa serikali, akaongoza kikosi kidogo cha Wahindi wa kubeba machela. Hapa ni lazima niwe mwadilifu kwake. Kilipofika uwanjani, kikosi chake ndicho kilichowauguza Wazulu waliokuwa wamechapwa viboko hadi vidonda vyao vikaoza, kwa sababu wauguzi Wazungu walikataa kuwagusa. Yeye mwenyewe aliandika miaka mingi baadaye kwamba ile haikuwa vita bali kuwinda watu, na kwamba moyo wake ulikuwa pamoja na Wazulu. Ninayaamini maneno hayo. Ila ninakumbuka pia kwamba gazeti lake, Indian Opinion, wakati ule ule liliwahimiza Wahindi wasaidie upande wa serikali, kwa matumaini kwamba uaminifu wao ungelipwa kwa haki. Haki hizo hazikulipwa, na Wazulu ndio waliokuwa wamelazwa chini.

Kisha ikaja jela. Januari 1908 alifungwa Johannesburg kwa mara ya kwanza, kwa kukataa kujiandikisha chini ya sheria ya kuwadhalilisha Waasia, na alipotoka aliandika makala kuhusu aliyoyaona. Alisema wangeweza kuelewa kutowekwa pamoja na Wazungu, lakini kuwekwa daraja moja na wenyeji lilikuwa jambo zito mno kulivumilia. Akaongeza kwamba Waafrika kwa kawaida hawajastaarabika, na wafungwa wao ndio zaidi. Mtu yuko gerezani kwa sababu ya sheria ya kibaguzi, amelala ukuta mmoja na watu waliofungwa chini ya sheria za kibaguzi zilizo kali kuliko yake, na bado hajawaona kuwa wenzake. Kila ninaposoma makala hiyo huhuzunika, kwa kuwa gereza ndiko mahali ambapo katika historia ya mapambano mengi watu wa rangi na dini tofauti walikuja kufahamiana.

Watetezi wake wana jibu moja wanalolitoa haraka: alikuwa mtu wa zama zake. Jibu hili ni jepesi mno. Zama hazina mawazo. Watu wa zama ndio wenye mawazo, na hawakuwa na mawazo ya aina moja. Katika koloni lilelile la Natal, Askofu John Colenso alimtetea chifu Langalibalele mwaka 1874 mbele ya walowezi wenzake waliomchukia kwa kufanya hivyo, na binti yake, Harriette Colenso, alitumia miaka mingi kumtetea Dinuzulu, mwana wa mfalme Cetshwayo wa Wazulu, hadi katika kesi yake iliyofuata maasi ya Bambatha. Hao walikuwa Waingereza, wenye kila sababu ya kutoona. Halafu yupo John Langalibalele Dube. Dube alikuwa Mzulu, mwalimu aliyesoma Marekani, mwanzilishi wa shule ya Ohlange huko Inanda na wa gazeti la Ilanga lase Natal lililoanza mwaka 1903, mwaka uleule lilipoanza Indian Opinion. Mwaka 1904 Gandhi alianzisha makazi yake ya Phoenix, na Phoenix na Ohlange ni majirani. Mwaka 1912 Dube alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Hoja ya kwamba Gandhi hakuwa na namna ya kujua kwamba Mwafrika anafikiri, anaandika, anahariri gazeti na anadai haki yake, haisimami, kwani alikuwa na jirani wa namna hiyo, na mwaka 1905 aliandika habari zake katika gazeti lake kwa sifa, akiwaambia wasomaji kwamba huyu ni mtu wanayepaswa kumfahamu. Alimjua Dube. Miaka mitatu baada ya kumsifu, aliandika yale ya jela.

Wala sisemi kwamba alibaki hivyo maisha yake yote. Wale wanaotoa sentensi za 1896 na 1908 na kunyamaza hapo wanatudanganya kwa upande wa pili. Mei 1908, miezi michache tu baada ya kutoka jela, alizungumza Johannesburg akauliza kama urithi wa kuwaachia wajao si huu, kwamba mataifa yote mbalimbali yachanganyike na kuzaa ustaarabu ambao pengine dunia haijawahi kuuona. Ni maneno makubwa, na kwa Afrika Kusini ya siku zile yalikuwa ya hatari. Mtu angetamani kusema kwamba hapa ndipo alipogeuka. Lakini Januari 1909, baada ya kifungo chake cha pili, aliandika tena kwamba ingawa Wahindi wasiwachukie Waafrika, hakuna jambo la pamoja kati yao katika shughuli za kila siku za maisha, na kwamba ameazimia kupinga utaratibu wa kuwaweka pamoja gerezani. Ndiyo maana nimesema alikwenda kwa kusuasua. Mtu huyohuyo, katika muda usiofika mwaka, aliota ustaarabu wa mataifa yaliyochanganyika na akadai seli tofauti.

Mwaka 1913, sheria ya ardhi ilipowanyang'anya Waafrika haki ya kununua ardhi katika sehemu kubwa kabisa ya nchi yao, tahariri ya Indian Opinion iliiita unyang'anyi, ikasema kwamba nchi ile ni ya wenyeji kwa kuzaliwa, na kwamba masuala mengine yote, hata la Wahindi, ni madogo mbele ya suala la wenyeji. Linganisheni lugha hiyo na ya 1896. Alipofika India umbali ulizidi kumfungua macho. Mwaka 1936 alipotembelewa na Howard Thurman na wenzake, Wamarekani weusi, aliwaambia kwamba huenda ni kwa kupitia watu weusi ujumbe safi wa kupambana bila silaha utakapoifikia dunia, na miaka ishirini baadaye watu weusi wa Montgomery, Marekani, waliosusia mabasi ya kibaguzi, walionyesha kwamba hakukosea. Mwaka 1939 alimwambia mchungaji S. S. Tema, mwanachama wa ANC aliyekwenda kumwona, kwamba Wahindi wa Afrika Kusini ni wachache mno, ilhali Waafrika ndio wana wa ardhi wanaoporwa urithi wao, na kwamba wanapaswa kupinga. Hata hapo, nitaongeza, aliona ni makosa Wahindi na Waafrika kuunda safu moja ya mapambano. Ni vijana waliokuja baadaye, akina Yusuf Dadoo na Monty Naicker, viongozi wa Wahindi wa Afrika Kusini, waliotia saini makubaliano ya ushirikiano na Dkt. Xuma wa ANC mwezi Machi 1947.

Nimefika kwenye jambo ninaloliona ndilo kiini. Katika miaka ya 1920 Gandhi aliandika historia ya maisha yake na historia ya mapambano ya Afrika Kusini. Katika habari za maisha yake alikiri karibu kila kitu. Alikiri kula nyama kwa siri utotoni, alikiri kuiba kipande cha dhahabu katika kikuku cha kaka yake, alikiri aibu ya usiku baba yake alipofariki akiwa yeye hayupo kando ya kitanda. Aliamini kwamba anayeitafuta kweli sharti aitangaze aibu yake kwa watu. Basi mtu wa namna hiyo alisema nini kuhusu hotuba ya Bombay, mlango wa tatu wa posta, barua kwa Dkt. Porter na makala za jela?

Kitu cha karibu kabisa na toba nilichokiona kimo katika historia ya mapambano. Humo anawaeleza Waafrika kwa heshima, anausifu mwonekano wao na utamu wa lugha zao, kisha anaandika kwamba ni majivuno tu yanayotufanya tuwaone watu hawa kuwa washenzi, na kwamba wao si washenzi tunaowadhania. Sentensi hiyo ni nzuri na ni ya kweli. Lakini isomeni vizuri, ndugu zangu. Imesema "yanayotufanya", haikusema "yaliyonifanya". Mtu aliyeweza kuandika kwa nafsi ya kwanza umoja kuhusu kipande cha dhahabu cha utotoni, alipofika kwenye dharau aliyoitangaza jukwaani na kuichapisha gazetini akiwa mtu mzima, kiongozi na wakili, aliingia ndani ya wingi. Waliodhalilishwa na hotuba zile hawakuombwa radhi na aliyezitoa. Hilo ndilo pengo, na halizibwi na mazuri yake mengine, kama ambavyo mazuri hayo nayo hayafutwi na pengo hilo.

Nelson Mandela alilizungumzia suala hili waziwazi akiwa Rais. Alizitaja chuki zile za Gandhi kuhusu kuchanganywa na wenyeji jela, akasema Gandhi anapaswa kusamehewa na kupimwa kwa mazingira ya wakati wake. Ninamheshimu Mandela, na ninaona kwamba kusamehe kwake kulikuwa na thamani kwa sababu alianza kwa kulitaja kosa lenyewe. Wengi wanaomnukuu siku hizi huchukua msamaha na kuliacha kosa. Hao wanatutaka tufunike kombe mwanaharamu apite, jambo ambalo Mandela hakulifanya.

Sasa niseme kuhusu sanamu, maana najua ndilo wanafunzi wanalolisubiri. Juni 2016 Rais wa India wa wakati huo, Pranab Mukherjee, alizindua sanamu ya Gandhi katika Chuo Kikuu cha Ghana, Legon. Miezi michache baadaye walimu wa chuo hicho waliandika waraka wa kutaka iondolewe, wakinukuu maandishi ya Gandhi mwenyewe na kuuliza kwa nini chuo cha Kiafrika kianze na sanamu ya mgeni kabla ya mashujaa wa Afrika. Waliitwa kila jina baya, lakini walikuwa wamesoma, na waliowatukana wengi hawakuwa wamesoma. Desemba 2018 sanamu hiyo iliondolewa. Miezi miwili kabla, Oktoba 2018, mahakama ya Malawi ilikuwa imesimamisha ujenzi wa sanamu nyingine Blantyre. Katika nchi hizo mbili, kilichowaudhi watu, pamoja na maneno ya Gandhi mwenyewe, ni kuona kwamba uamuzi ulipitishwa kati ya serikali na serikali, na wananchi wakaletewa shujaa kama wanavyoletewa mradi wa barabara.

Na hapa nina onyo, tena zito. Hapa kwetu, mjadala huu ukiachwa mikononi mwa wachochezi, hauchukui siku mbili kuhama kutoka kwa Gandhi kwenda kwa mwenye duka wa mtaani. Tumeona Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wafungashe, ni wepesi gani wa kauli za jukwaani kugeuka mizigo barabarani. Mtu aliyezaliwa Kisumu au Tanga, ambaye babu yake hakuwahi kukanyaga Natal, hawajibiki kwa taarifa ya chama cha Durban ya mwaka 1895. Tena, Makhan Singh, aliyesimama Nairobi mwaka 1950 akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki na akazuiliwa zaidi ya miaka kumi, alikuwa mwana wa Punjab. Pio Gama Pinto, aliyepigwa risasi Nairobi mwaka 1965, wazazi wake walitoka Goa. Hao walifanya yale ambayo Gandhi hakuyafanya Durban: hawakudai mlango wao peke yao. Anayetumia dharau ya Gandhi kuhalalisha dharau yake mwenyewe dhidi ya jirani yake Mwasia amechukua hoja ya Bombay na kuigeuza uso tu.

Mimi singetaka sanamu ya Nairobi ing'olewe, wala ya Jinja. Ile ya Nairobi iliwekwa na watu waliokuwa na sababu zao za haki, katika miaka ambayo India huru ilikuwa miongoni mwa sauti chache duniani zilizotusemea dhidi ya ukoloni. Lakini kusimama kwa sanamu hizo bila maelezo hakufai tena. Ningetaka pawekwe kibao, kwa Kiswahili, chenye sentensi ya Bombay ya 1896, habari ya milango mitatu ya posta ya Durban, tahariri ya 1913 na ile sentensi ya majivuno, pamoja na miaka yake, ili mwanafunzi anayepita hapo asome vyote na aamue mwenyewe. Gharama yake ni ndogo, na sehemu kubwa ya kitakachoandikwa humo imo katika juzuu zilizochapishwa na serikali ya India yenyewe. Na ikiwa wenye mamlaka watakataa hata hilo, wakataka tumheshimu kwa sharti la kutosoma alichoandika, basi walimu wa Legon wamekwisha kutuonyesha njia iliyobaki.

Asanteni kwa kunisikiliza.